Vasco da Gama ya Rio: Hekaya za Mashabiki, Hekaya za Mahasimu

Jina lenyewe linatosha kumfanya mtu wa pwani akunje uso. Vasco da Gama tunamjua kwa nguzo yake ya Malindi, na kwa wale waliomfuata nyuma na mizinga, wakaichoma Mombasa na kuipora Kilwa mwaka 1505. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba klabu yenye jina hilo, tena iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kireno, ndiyo iliyoufungua mlango wa soka la Brazil kwa watu weusi na maskini, una haki ya kuuliza mara mbili.

Nimeuliza, na nimekuta mambo mawili. Wapenzi wa Club de Regatas Vasco da Gama wameijengea klabu yao hekaya safi mno, haina hata doa. Mahasimu wao wa Rio de Janeiro nao wana ya kwao, chafu kuliko inavyostahili. Pande zote mbili zinaliruka jambo lile lile: wenye maduka waliotaka kushinda, na waliokataa kuchaguliwa watu wa kukaa nao. Nayachukua madai moja baada ya jingine.

Kwamba ni klabu ya mabwana wa kikoloni

Dai hili hushika upesi kwa sababu ya jina. Lakini Brazil ilikuwa imejitawala tangu 1822. Mreno aliyeshuka bandarini Rio katika miaka ya 1890 hakuja kumtawala mtu. Mara nyingi alikuwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka, mtoto wa mkulima kutoka Minho au bonde la Douro huko Ureno, aliyetumwa kwa mjomba au kwa mtu wa kijijini kwao aliyekwisha kufungua duka. Mchana alipima maharage na samaki mkavu, usiku alilala humo humo dukani. Aliyebahatika, baada ya miaka mingi, alifungua duka lake mwenyewe na kuagiza mpwa.

Wenyeji hawakumpenda. Kwa mtu wa Rio, Mreno ndiye aliyepunja mizani, ndiye mwenye vyumba vya kupanga vilivyosongamana, ndiye aliyewahi kazi asubuhi kwa ujira mdogo. Siasa nazo zikamwaga mafuta: mwaka 1894 Rais Floriano Peixoto alivunja uhusiano na Ureno baada ya manowari za Kireno kuwapa hifadhi mabaharia wa Brazil walioasi. Uhusiano ulirudi mwaka uliofuata, chuki ikabaki mitaani.

Miaka mitatu baada ya hapo, tarehe 21 Agosti 1898, vijana kadhaa walikutana katika ukumbi wa chama cha michezo ya kuigiza, mtaa wa Saúde, jirani na bandari. Fikra ilitoka kwa wanne waliochoka kuvuka ghuba hadi Niterói kila walipotaka kupiga makasia. Waliohudhuria wengi walikuwa Wareno, wengine Wabrazili. Mwaka huo yalitimia miaka 400 tangu msafara wa da Gama kufika India, sherehe zilikuwa zimetapakaa Lisbon na Rio, na jina lilikuwa mdomoni mwa kila Mreno. Wakalichukua. Sisi tunalisikia kwa masikio ya Malindi. Wao walilisikia kama watu waliotukanwa kwa asili yao na wakatafuta kitu cha kujivunia.

Mabwana wa jumuiya ile walikuwa na vyombo vyao tayari. Walikuwa na Real Gabinete Português de Leitura, maktaba iliyoanzishwa 1837 ambayo jumba lake la mawe ya kuchongwa, lililofunguliwa 1887, bado linawaacha watalii midomo wazi. Walikuwa pia na hospitali yao. Klabu ya makasia iliyozaliwa ukumbini Saúde ilikuwa ya tabaka jingine.

Kuna jambo moja wanaodai ubwana wa kikoloni hulipita kimya. Mwaka 1904 wanachama walimchagua Cândido José de Araújo, chotara, awe rais wa klabu, kisha wakamrudisha madarakani. Utumwa Brazil ulikuwa umefutwa tarehe 13 Mei 1888. Watu waliozaliwa watumwa walikuwa bado hai, na klabu nyingine za makasia za mji ule zilikuwa mapambo ya watoto wa wakubwa. Chini ya uongozi wake Vasco ilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa makasia, 1905.

Kwamba ilizaliwa klabu ya soka

Neno Regatas katika jina lake, yaani mashindano ya mashua, linajibu lenyewe. Soka liliingia kwa mlango wa nyuma, baada ya kikosi cha wachezaji kutoka Ureno kuzuru Rio mwaka 1913 na kuwasha hamu ya kandanda miongoni mwa wahamiaji. Mojawapo ya timu zilizoanzishwa wakati ule ilikuwa Lusitânia, iliyowapokea Wareno peke yao. Tarehe 26 Novemba 1915 Lusitânia ilijiunga na Vasco, na ili ijiunge ilibidi iachane na sharti hilo la asili. Wazee wa makasia hawakufurahi. Mechi ya kwanza, Mei 1916, daraja la tatu: Paladino 10, Vasco 1.

Kwamba msalaba wa jezini ni wa Malta

Klabu yenyewe huuita hivyo, na mashabiki huuimba. Msalaba wa Malta una ncha nane. Ule wa jezini ni wa mikono inayotanuka kuelekea nje, umbo jingine kabisa. Na tanga za mabaharia wa Kireno zilikuwa na msalaba wa Shirika la Kristo, ambao ni wa tatu. Hakuna aliyeumia kwa kosa hili, tuendelee.

Kwamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumpanga mchezaji mweusi

Siyo. Kitongojini Bangu, pembezoni mwa Rio, kulikuwa na kiwanda cha nguo chenye mafundi wa Kiingereza, na timu ya kiwanda hicho ilimpanga Francisco Carregal, mfumaji mweusi, mwaka 1905. Miaka miwili baadaye chama cha soka cha Rio kilipiga marufuku kusajili watu wa rangi, na Bangu ikajitoa. Huko Campinas, jimbo la São Paulo, klabu ya Ponte Preta nayo ina hoja zake za kudai utangulizi. Na shujaa wa Brazil katika ubingwa wa Amerika Kusini wa 1919, Arthur Friedenreich, alikuwa mtoto wa baba mwenye asili ya Kijerumani na mama mweusi.

Vasco ilitangulia kwa jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi. Mchezaji mmoja mweusi kwenye timu ya kiwanda angeweza kuvumiliwa, hasa timu hiyo ikiwa haitishii kombe. Vasco ilichukua ubingwa wa daraja la juu la mji mkuu wa nchi kwa kikosi kilichojaa weusi, machotara na weupe wasio na kitu, tena msimu wake wa kwanza katika daraja hilo. Kushindwa nao ndiko kulikowauma wakubwa. Wangekuwa wakifungwa, wangeachwa wacheze.

Kwamba ubingwa wa 1923 ulinunuliwa

Hapa mahasimu wana nusu ya ukweli, na mashabiki hukosea wanapoikataa yote.

Kikosi chenyewe: golikipa Nelson da Conceição alikuwa dereva wa teksi. Nicolino alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, Ceci mpaka rangi za kuta, Bolão dereva wa lori. Ndivyo alivyowaeleza Mário Filho, mwandishi wa habari za michezo ambaye jina lake ndilo rasmi la uwanja wa Maracanã, katika kitabu chake cha 1947 kuhusu mtu mweusi katika soka la Brazil. Wanahistoria wamemlaumu Mário Filho kwa kutia chumvi, nao wana haki, kwa hiyo visa vyake ninavichukua kama visa. Lakini kwamba wachezaji wale walikuwa watu wa kazi za mikono, hilo halina ubishi.

Soka la Rio wakati huo lilikuwa la ridhaa, kwa sheria. Mchezaji hakuruhusiwa kulipwa, na ilimbidi awe na kazi inayoeleweka. Ndipo wenye maduka wa Kireno walipoonyesha ufundi wao. Mchezaji aliandikwa kuwa mfanyakazi wa duka la mwanachama fulani. Wakaguzi wa chama walipopita kuuliza fulani yuko wapi, walijibiwa kwamba ametoka kupeleka mzigo. Ukweli ni kwamba fulani alikuwa uwanjani akikimbia. Mwalimu wao Ramón Platero, kutoka Uruguay, aliwafanyisha mazoezi kama watu wenye ajira ya mpira, wakati wapinzani wao, mawakili na wanafunzi wa udaktari, walikutana walipopata nafasi. Ndiyo maana mechi nyingi Vasco ilizimaliza kipindi cha pili, wengine wakiwa hoi.

Na baada ya ushindi kulikuwa na posho. Isingewezekana kuiita mshahara, basi ikaitwa mnyama, kwa kufuata bahati nasibu ya wanyama iliyopendwa, na iliyokatazwa, mitaani Rio. Sungura alikuwa mil-réis 10, jogoo 50, ng'ombe 100. Kadiri mpinzani alivyokuwa mkubwa ndivyo mnyama alivyonenepa. Hadi leo posho ya ushindi katika soka la Brazil inaitwa hivyo, bicho.

Kwa hiyo pesa zilikuwapo. Ila Vasco haikuwa peke yake. Wakubwa nao walikuwa na njia za kumtunza mchezaji hodari, na tofauti ilikuwa kwamba mtoto wa ukoo bora hakuhitaji ng'ombe ili apate muda wa mazoezi, kwa kuwa baba yake alikwisha kumlipia. Kuiita ridhaa ile usafi wa mchezo ni kumsifu aliyeshiba kwa kutokuwa na njaa. Anayejua jinsi wafanyabiashara wa Kariakoo walivyozilea klabu zao atawaelewa Wareno hawa bila kufafanuliwa.

Msimu ule wa 1923 Vasco ilishinda mechi 11, ikatoka sare 2, ikafungwa 1. Waliowafunga ni Flamengo, mabao 3 kwa 2, mwezi Julai. Mário Filho anasimulia kwamba mashabiki wa klabu nyingine walizunguka mji wakisherehekea kama siku ya kanivali, na mlangoni mwa ofisi za Vasco wakatundika mtalawanda mkubwa, kiatu cha mbao cha mfanyakazi wa Kireno. Hata kama chumvi imezidi kidogo, tusi lenyewe lilielekezwa pale pale lilipolengwa siku zote: kwa Mreno wa dukani.

Kwamba barua ya 1924 ilikemea ubaguzi wa rangi, na kwamba haikuhusu rangi hata kidogo

Haya ni madai mawili yanayopingana, na yote mawili yameandikwa sana. Nayajibu kwa pamoja kwa sababu kosa lao ni moja.

Mwanzoni mwa Machi 1924 Flamengo, Fluminense, Botafogo, América na Bangu walijitoa katika chama kilichokuwapo na kuunda kipya, AMEA. Mwenyekiti alikuwa Arnaldo Guinle, wa Fluminense, mtoto wa familia iliyomiliki bandari ya Santos. Bingwa mtetezi alikaribishwa kujiunga, kwa masharti. Waasisi wangekuwa na haki ambazo Vasco isingekuwa nazo. Uwanja wa Vasco ulisemwa hautoshi. Wachezaji wote wangechunguzwa: wanafanya kazi gani, wanajua kusoma na kuandika? Na baada ya uchunguzi, Vasco ilitakiwa kuwaondoa wachezaji 12.

Tarehe 7 Aprili 1924 rais wa Vasco, José Augusto Prestes, alimwandikia Guinle barua fupi ya kiungwana. Alisema klabu inaiona hali iliyowekewa kuwa ya kudhalilisha. Kwamba uchunguzi wa hadhi ya wachezaji wake ulifanywa kwa namna isiyo ya haki. Kwamba vijana wale 12, karibu wote Wabrazili, ndio kwanza wanaanza safari yao ya michezo, na klabu haitawatoa kafara baada ya kuipigania. Kwa hiyo Vasco haitajiunga.

Isome barua yote, hutakuta neno mweusi wala neno rangi. Shabiki anayeinukuu kama hotuba ya kupinga ubaguzi wa rangi anaiwekea maneno mdomoni. Prestes alizungumzia heshima ya klabu, kura katika kikao, na kutowatupa watu wake. Orodha yenyewe ilikuwa na weupe maskini pia.

Mpinzani naye hurukia hapo: unaona, lilikuwa suala la matabaka na ridhaa, rangi mmeipachika nyinyi. Huyo anajifanya hajui mji aliozungumzia. Miaka 36 baada ya kufutwa utumwa, kudai cheti cha kazi safi na mwandiko mzuri huko Rio kulikuwa ni kuwachagua watu kwa rangi bila kuitaja. Nani hakuwa amepelekwa shule? Nani alikuwa akipakia magunia? Chama cha 1907 kilikuwa na ujinga wa kuliandika katazo waziwazi. Cha 1924 kilikuwa kimejifunza adabu. Sharti lisilotaja rangi lilijibiwa na barua isiyotaja rangi, na kila msomaji wa siku ile alielewa kilichokuwa kikizungumzwa.

Husemwa pia kwamba Bangu, yenye weusi wake, ilikuwa miongoni mwa waasisi wa AMEA, hivyo rangi haikuwa tatizo. Bangu ilikuwa haijawahi kuwanyang'anya ubingwa. Rudi kwenye nilichosema juu ya kuvumiliwa.

Watu walishindwa kuamini kwamba wafanyabiashara wangeweka hatarini kiti cha klabu yao kati ya wakubwa kwa ajili ya wapakiaji na madereva, hivyo wengine wakatafuta sababu fiche. Sababu ilikuwa wazi. Wachezaji wale ndio waliojaza viwanja. Bila wao Vasco ingerudi kuwa klabu ya Wareno wanaotaniwa kwa mitalawanda. Maslahi na heshima vilielekea upande mmoja, jambo ambalo halitokei kila siku, na sioni kwa nini maslahi yaifanye heshima kuwa ya uongo.

Kwamba barua ilipofika, wakubwa walisalimu amri

Hawakusalimu. Vasco ilibaki katika chama cha zamani pamoja na klabu ndogo, ikakichukua kikombe cha 1924 bila kufungwa, huku mapato makubwa na magazeti yakiwa kwingine. Kilichobadili mambo ni mlango wa kuingilia uwanjani: AMEA iligundua kwamba bila umati wa Vasco msimu ni mkavu. Mwaka 1925 Vasco ilikubaliwa kuingia, pamoja na wachezaji wake. Vipengele vya kazi na kisomo havikufa siku hiyo. Ulaghai wa ridhaa uliendelea mpaka 1933, mchezaji wa kulipwa alipohalalishwa.

Kwamba uwanja wa São Januário ulijengwa na serikali

Kisingizio cha uwanja mbovu kiliwachoma. Vasco ilifungua kampeni ya kupata wanachama wapya 10,000, wahamiaji wakachanga, ardhi ikanunuliwa São Cristóvão mwaka 1925. Ujenzi ulianza Juni 1926, na tarehe 21 Aprili 1927 uwanja ulifunguliwa kwa mechi na klabu ya Santos, mbele ya Rais Washington Luís. Klabuni husimuliwa kwamba serikali ya rais huyo huyo iliwanyima kibali cha kuingiza saruji ya Ubelgiji. Wenyeji walifungwa 5 kwa 3, sherehe ikaendelea. Ulikuwa uwanja mkubwa kuliko wote Brazil mpaka Pacaembu ya São Paulo ilipofunguliwa 1940.

Chanzo cha dai ni Rais Getúlio Vargas, aliyependa kuhutubia wafanyakazi pale siku ya Mei Mosi, na mwaka 1940 alitangaza hapo kima cha chini cha mshahara. Mtunzi Heitor Villa-Lobos naye aliongoza humo kwaya za maelfu ya watoto wa shule. Serikali ilikuja kama mgeni kwa sababu wahamiaji ndio waliokuwa na uwanja wenye kuchukua umati.

Kwamba historia hii inaonyesha Wareno hawakuwa wabaguzi

Hili ndilo la hatari, na limetoka mbali kuliko soka. Msomi wa Brazil, Gilberto Freyre, alifundisha kwamba Mreno ana kipaji cha pekee cha kuchanganyika na watu wa nchi za joto. Miaka ya 1950 utawala wa Salazar huko Ureno uliishika nadharia hiyo kama ngao ya makoloni yake, na Freyre mwenyewe alikuwa ametembezwa humo mwaka 1951 na 1952 kwa mwaliko wa waziri. Kisa cha Vasco huingia vizuri katika wimbo huo.

Jirani zetu wa Msumbiji wanajua vingine. Lourenço Marques, Maputo ya leo, Waafrika walikuwa na chama chao cha soka tangu miaka ya 1920, mbali na klabu za Wazungu. Shibalo, kazi ya kulazimishwa, iliendelea. Na tangu 1917 Mwafrika aliyetaka kuepuka sheria za wenyeji ilimbidi aombe cheti cha aliyestaarabika, na ili akipate athibitishe kwamba anazungumza, anasoma na kuandika Kireno, na kwamba ana kazi ya kumtunza.

Ni maswali yale yale ya AMEA: unajua kuandika, unafanya kazi gani? Huko Rio waliouliza walikuwa Wabrazili wa ukoo bora, na Wareno wa madukani ndio waliokataa kuwatoa watu wao. Lourenço Marques maswali hayo yaliulizwa na dola ya Kireno, na utaratibu wenyewe uliishi, kwa sheria moja baada ya nyingine, mpaka 1961.